Pasi Ile Haikuwa Kosa

Hotuba iliyotolewa Lamu, jioni ya kufunga mashindano ya likizo ya mpira wa kikapu ya vijana

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu mlioketi mbele, mama zetu, walimu, makocha wenzangu, na nyinyi wanangu mliopanda juu ya ukuta kwa kuwa viti vimekwisha. Nimeombwa niseme maneno machache kabla ya vikombe kutolewa. Nilikuwa nimeandika mengine kabisa, juu ya nidhamu na masomo, na karatasi yenyewe ninayo mfukoni. Nimeiacha humo kwa sababu ya jambo lililotokea jana kwenye fainali, na wengi wenu mlikuwapo.

Zilikuwa zimebaki sekunde nane. Timu ya buluu iko nyuma kwa alama moja. Gadi wao, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kugawa mpira, kijana aliyevaa namba 4, anao mpira. Akaingia ndani kwa mkono wa kushoto. Wawili wakamkimbilia, na wa tatu naye akamwacha mtu wake. Namba 4 hakurusha. Aliuachia mpira chini chini, ukadunda mara moja katikati ya miguu ya watu, ukamfikia mwenzake aliyekuwa peke yake kule pembeni. Yule akarusha. Mpira ukagonga ringi, ukazunguka, ukatoka. Filimbi ikalia.

Hapo ndipo niliposikia watu wazima, baba za watu, wakimpigia kelele namba 4: "Mbona hukurusha mwenyewe?" Mtoto akatoka uwanjani fulana ameivuta mpaka usoni. Mimi usiku ule usingizi haukunijia upesi. Nimekuja kuwaambia kwamba pasi ile ilikuwa sahihi, na nitawaeleza kwa nini, kwa kupitia habari za mtu aliyeifanya kazi ya namba 4 kwa misimu 18 katika ligi kubwa kuliko zote duniani, NBA ya Marekani.

Mtu huyo ni Steve Nash. Najua vijana wa leo mnamtaja Curry, na hata mimi nampenda. Lakini Nash nilimfuata tangu nikiwa bado nacheza, na maisha yake yana mambo ambayo mtoto wa kisiwani akiyasikia atajiona humo.

Kwanza, alizaliwa huku kwetu Afrika, mjini Johannesburg, mwezi wa Februari 1974. Baba yake alikuwa mcheza kandanda. Wazazi hawakutaka kulea watoto chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, wakahama naye angali mchanga, wakaishia Kanada katika mji wa Victoria. Na Victoria, wanangu, uko kisiwani. Ukitaka bara, unapanda feri kama sisi tunavyovuka kwenda Mokowe. Alikulia kwenye mpira wa miguu na magongo ya barafuni, na mpira wa kikapu akaushika kwa dhati akiwa na miaka kama 12 au 13 hivi. Wapo hapa wanaodhani wamechelewa kwa sababu walianza darasa la saba. Hamjachelewa.

Huo mpira wa miguu haukupotea bure. Anayecheza kandanda vizuri hampi mwenzake mpira mahali alipo, humpa mahali atakapokuwa. Nash aliichukua akili hiyo akaingia nayo kwenye kikapu. Mukitazama mechi zake za zamani, acheni kuutazama mpira, tazameni macho yake. Mpira unadunda chini ya mkono wake kama kitu alichokisahau, na yeye anatazama pengo ambalo bado halijafunguka.

Marehemu baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi la mizigo, akienda Pate na Faza. Mara moja nilikuwa naye tunapita Mkanda, na mnajua Mkanda haupitiki ila maji yakijaa. Nilikuwa nimeinama ubavuni nautazama mchanga uliokuwa karibu kutugusa, nimeshikwa na hofu. Akaniambia, "Wewe watazama maji tuliyomo. Haya tumeshafika, hayana faida tena. Tazama tunakokwenda." Nilikuwa na miaka kumi, sikuyatia maanani. Nilikuja kuyaelewa maneno yale Mombasa, nikiwa uwanjani, mtu mwenye mikono mirefu amenisimamia na kocha anapiga ukelele niinue kichwa.

Basi turudi kwa Nash. Alipomaliza shule ya sekondari, kocha wake aliandika barua kwa vyuo vya Marekani zaidi ya 30. Hakuna kilichomtaka. Mwishowe chuo kimoja tu, Santa Clara kule California, kikampa ufadhili, na kocha wa chuo hicho alisafiri kwenda kumwona kwa macho yake huku akiomba asitokee kocha mwingine wa kumwona. Kimoja, wanangu, katika zaidi ya 30. Jambo hili linanigusa kwa sababu mimi nami nilipokuwa na miaka 19 nilikwenda kufanyiwa majaribio na timu moja ya bara. Tulipangwa mstari, akapita mtu na futi ya fundi cherehani akatupima urefu, na wafupi tukaambiwa turudi nyumbani hata mpira hatujaugusa. Basi la kurudi lilichukua usiku kucha. Siitaji timu hiyo, na chuki sina nayo tena. Naisema kwa sababu najua wapo humu watoto waliokwisha kupimwa na futi ile, na anayepimwa kwayo huiamini kuliko anavyoziamini nafsi na kazi yake.

Nash ana futi 6 na inchi 3. Kwetu hapa huyo ni mrefu, angeinama mlango wa msikiti. Katika ligi ile ni mtu wa wastani kwa gadi, na mbele ya masenta, wale majitu wanaocheza chini ya ringi, ni mtoto. Mkitaka mfupi wa kweli yupo Muggsy Bogues, futi 5 na inchi 3, mfupi kuliko wote waliopata kucheza NBA, na alidumu misimu 14. Namtaja kwa haraka ili neno la ufupi tulimalize.

Huko Santa Clara, Nash alikuwa na tabia ya kutembea chuoni akidunda mpira wa tenisi. Kutoka bwenini kwenda darasani, kutoka darasani kwenda kula. Mpira wa tenisi ni mdogo na mwepesi, na ukidunda vibaya unakukimbia. Ukiweza kuutawala ule bila kuutazama, mpira mkubwa unakuwa kama sinia mkononi.

Niliposoma habari hiyo nilicheka kwa furaha, maana mimi nilikuwa na wangu. Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya wageni Shela, akaniletea mpira wa tenisi uliosahauliwa na mgeni, manyoya yake yamekwisha. Nikawa naudunda kutoka kwetu mpaka madrasa. Sasa fikirini vichochoro vyetu. Sakafu haiko sawa, huku imeinuka, kule pana mfereji. Mama wawili wanakuja wameshika vikapu. Nyuma yao punda watatu wamebeba mawe ya kujengea, na punda wa mizigo hakupishi, ni wewe unayempisha. Ukiutazama mpira, punda anakupigiza ukutani. Ukimtazama punda, mpira unaingia mferejini. Siku za mwanzo niliuokota mpira mferejini mara sita katika safari moja, na nilifika kwa mwalimu mikono inanuka nikarudishwa kuitawadha. Baada ya miezi kadhaa, sijui ni siku gani hasa, nilitambua kwamba nimefika madrasa na njiani nimewasalimu watu wote kwa majina yao, na mpira haukuwa umetoka mkononi hata mara moja. Vyaelea vyaundwa. Kuona kwa gadi kunaundwa vivyo hivyo, na viunzi vyake tunavyo hapahapa, bure.

Mwaka 1993, Nash akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, chuo chake kidogo kilikutana na Chuo Kikuu cha Arizona katika mashindano ya kitaifa ya vyuo. Arizona walikuwa wamewekwa nafasi ya pili katika kundi lao, Santa Clara ya kumi na tano. Santa Clara walishinda 64 kwa 61, na katika sekunde 30 za mwisho Nash alitupa mitupo huru sita mfululizo, ile anayopewa mchezaji aliyechezewa vibaya, atupe bila kuzuiwa, yote ikaingia. Nitaurudia mtupo huru baadaye.

Akahitimu shahada yake ya sosholojia. Wazazi, hilo naliweka mbele yenu kwa makusudi. Mwaka 1996, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, Phoenix Suns wakamchagua akiwa wa 15, na mashabiki wa Phoenix, kwa kuwa hawakumjua, wakamzomea. Miaka miwili baadaye wakampeleka Dallas. Nako akaumwa, akacheza vibaya, akazomewa tena na watu wa nyumbani. Kutoka kuchaguliwa mpaka kuingia kwa mara ya kwanza kwenye kikosi cha nyota, mwaka 2002, ilimchukua miaka sita. Katika miaka hiyo alikwenda na Kanada kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, wakafika robo fainali, wakafungwa na Ufaransa, akatoka uwanjani analia. Mtu mzima wa miaka 26. Namba 4, umesikia?

Mwaka 2004 Dallas waliona umri umemfikia, miaka 30, mgongo una matatizo, wakasita kumlipa alichopewa na Phoenix. Akarudi Phoenix, kwa walewale waliomzomea. Msimu uliotangulia Phoenix walikuwa wameshinda mechi 29 katika 82. Msimu wa kwanza wa kurudi kwake walishinda 62. Kocha wao, Mike D'Antoni, aliwataka warushe mapema, ndani ya sekunde saba ikiwezekana, ilhali sheria inawapa 24. Mchezo wa namna hiyo bila gadi anayeona mbele ni fujo tupu. Nash akatoa wastani wa asisti 11.5 kwa mechi, akawa Mchezaji Bora wa Ligi mwaka 2005, na akawa tena mwaka 2006.

Kwa wazee wasioujua mchezo: asisti ni pasi inayozaa kikapu. Shikeni neno hilo, "inayozaa".

Na sasa nifike kwenye mechi niliyotaka kuisimulia tangu mwanzo. Mwaka 2005, katika mechi za mtoano, Phoenix walikutana na Dallas, timu yake ya zamani. Dallas walimjua vizuri. Katika mechi ya nne wakafunga njia za pasi, wakamwachia arushe mwenyewe. Nash akafunga alama 48, nyingi kuliko alizowahi kufunga kabla ya hapo. Phoenix wakashindwa. Alama 48, wanangu, na timu imelala. Wale makocha wa Dallas hawakuwa wajinga. Walijua kwamba gadi akifunga peke yake wenzake wanne wanageuka watazamaji, mikono inapoa, miguu inakuwa mizito, na hata kulinda hawalindi kwa moyo uleule. Mechi iliyofuata njia zikafunguka, akatoa asisti 12 pamoja na alama 34 na ribaundi 13, yaani mipira iliyokosa kuingia akaidaka, Phoenix wakashinda, na mfululizo ule wakauchukua 4 kwa 2.

Kwa hiyo baba aliyepiga kelele jana, "Mbona hukurusha mwenyewe," namwambia kwa heshima zote: watatu walikuwa juu yake. Watatu wakiwa kwa mmoja, wawili wanabaki kuwalinda wanne. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza, ila kuifanya ndani ya nusu sekunde, unasukumwa, watu wanapiga mayowe, hiyo ndiyo kazi. Mtoto wetu aliifanya.

Nisiwafiche gharama ya kazi hii. Nash aliumwa mgongo karibu maisha yake yote ya mchezo. Akitolewa kupumzika hakukaa kwenye kiti. Alilala chali sakafuni, kando ya benchi, mbele ya watu elfu kadhaa na kamera, kwa sababu akikaa mgongo unakaza asiweze kurudi. Wengine walidhani ni mbwembwe. Mwaka 2010 wakicheza na San Antonio alipigwa kiwiko cha bahati mbaya, jicho la kulia likavimba mpaka likafumba. Alishonwa, akarudi, akamaliza mechi kwa jicho moja, na siku hiyo Phoenix waliwatoa San Antonio 4 kwa 0. Nakumbuka nilitazama mechi ile alfajiri kwa jirani, na jirani akawa ananiuliza huyu anampaje mtu pasi upande asiouona. Nilimjibu kwamba alishaona kabla.

Na ubingwa hakuupata. Fainali ya kanda alifika mara tatu na Phoenix, 2005, 2006 na 2010, na mara zote tatu alifungwa. Mwaka 2007 pengine ndiyo iliuma zaidi. Mchezaji wa San Antonio alimsukuma akagonga meza ya pembeni, wenzake wawili wakainuka benchini kwa hasira kwenda kumtetea, na kwa kuinuka tu wakafungiwa mechi moja. Phoenix wakaipoteza hiyo mechi, na mfululizo ukafuata. Makocha, wafundisheni wachezaji wa akiba kubaki vitini. Napita.

Mwaka 2012 akaenda Los Angeles Lakers. Katika mechi yake ya pili tu aligongana na mtu, mguu ukavunjika, na mishipa ya mgongo na miguu haikupona sawasawa tena. Mwaka 2015 akatangaza kustaafu, na 2018 akaingizwa katika Jumba la Umashuhuri la mpira wa kikapu.

Alistaafu na asisti 10,335. Wakati huo walikuwa wawili tu mbele yake katika historia ya ligi, John Stockton na Jason Kidd. Lakini naomba mniwie radhi nisimame kidogo kwenye namba hiyo, kwa sababu hapo ndipo lilipo jambo langu lote. Asisti haiandikwi mpaka mwenzako afunge. Hizo 10,335 ni pasi zilizopata mtu wa kuzimalizia. Zile nyingine, alizozitoa vilevile, kwa jicho lilelile na mkono uleule, mwenzake akarusha mpira ukagonga ringi ukatoka, hazimo katika kitabu chochote. Hakuna anayejua ni ngapi. Alizitoa, akageuka akarudi kulinda, na mara iliyofuata mwenzake yuleyule akiwa wazi, akampa tena.

Pasi ya jana ni katika hizo.

Nasikia wengine wanauliza haya ya Marekani yanatuhusu nini. Mwezi wa Februari 2021, timu yetu ya taifa ilicheza na Angola mjini Yaoundé. Angola ndiyo yenye mataji mengi ya Afrika kuliko nchi yoyote, wakati ule yakiwa 11. Kenya ilishinda 74 kwa 73, Tylor Ongwae akifunga dakika ikiwa imekwisha kabisa, na kocha wetu alikuwa mwanamke, Liz Mills kutoka Australia. Kwa ushindi ule tukarudi kwenye michuano ya Afrika, kule Kigali, ambayo hatukuwa tumeikanyaga tangu 1993. Na mwaka 2025 Nairobi City Thunder imekuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza ile Ligi ya Afrika ya Mpira wa Kikapu. Mlango uliokuwa umefungwa wakati wangu leo una upenyo. Watakaoupitia si lazima wote watoke Nairobi na Mombasa. Wasichana mnaofanya mazoezi asubuhi kwa sababu jioni uwanja unachukuliwa na wavulana, nimewaona, na nimeshazungumza na wenye uwanja juu ya siku zenu. Jumanne na Alhamisi, jioni, kuanzia wiki ijayo, ni zenu.

Sasa namalizia na wewe uliyerusha jana. Umekaa mwisho kabisa pale, karibu na nguzo, nimekuona tangu nianze. Hakuna aliyekupigia kelele wewe, wote walimpigia mwenzako, na nadhani hilo limekuuma zaidi kuliko kukosa. Nash alikuwa akifika kwenye mstari wa mtupo huru, kabla refa hajampa mpira, anatupa mikono mitupu. Anakunja magoti, anainua mkono, anakunja kiganja, hewani, hana kitu. Mara mbili, tatu. Kisha anapewa mpira na anafanya vilevile alivyofanya bila mpira. Katika kila mitupo 100 maishani mwake iliingia 90. Jana wewe miguu yako ilikuwa imenyooka ulipoupokea mpira. Ulisimama kama mtu asiyetarajia kupewa. Ndiyo hiyo tu. Mkono wako hauna kasoro.

Kesho baada ya Alasiri njoo uwanjani, pembe ileile, mitupo 50, magoti yakunjwe kabla mpira haujafika. Namba 4 atakuja pia, nimeshamwambia. Yeye ndiye atakayekupasia yote 50.